Risala ya Shieywe Rangers Kuhusu Saa Mbili na Robo

Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Hezekiah Masinde, Mlezi wa Klabu yetu;
Mwenyekiti wetu, Mzee Cleophas;
Pasta na Sheikh, mliokubali kukaa benchi moja kwa kuwa mabenchi yenyewe ni mawili;
Wazazi, majirani wa Shieywe, wapenzi wa kandanda, mabibi na mabwana:

Habari za jioni. Risala hii ilipopigwa taipu ilisema habari za asubuhi, kwa sababu kadi ya mwaliko ilisema saa nne. Tumerekebisha kwa kalamu. Hatuna kinyongo. Wali ulioandaliwa umepashwa moto mara mbili na akina mama wanasema bado ni wali.

MAKARIBISHO

Mgeni Rasmi, sisi wachezaji, viongozi na wapenzi wa klabu ya Shieywe Rangers, ya Ligi ya Daraja la Pili, tunakukaribisha leo, Jumamosi tarehe 29 Oktoba 1966, kwenye sherehe ya kufunga msimu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wako wamekuwa wagonjwa kwa wiki tatu sasa, na dawa unayo wewe, kwa hiyo methali hiyo leo hatuisemi kwa mapambo.

Anayekusomea ni katibu wa klabu, Jescah Mideva, ambaye ndiye pia mpigaji taipu. Ameipiga risala hii mara nne. Mara tatu Mwenyekiti aliirudisha akiomba maneno makali yapunguzwe. Yamepunguzwa, Mheshimiwa, na haya utakayoyasikia ndiyo yaliyobaki baada ya kupunguzwa.

Tunajua una shughuli nyingi za kujenga taifa, na kwamba kila siku kuna daraja linalongoja kukatwa utepe mahali fulani. Ndiyo maana tunashukuru kwa dhati kwamba ulikubali kuja. Jinsi ulivyokubali ni jambo lililotufundisha mengi, na tutalieleza tutakapofika mahali pake.

HISTORIA FUPI YA KLABU

Klabu hii ilianzishwa mwaka 1957 na makarani wawili, fundi viatu mmoja na mpishi wa hospitali, wote wakaazi wa Shieywe. Wakati huo mgeni rasmi wetu alikuwa Mzungu, bwana mkubwa wa wilaya. Alifika saa ileile iliyoandikwa, akaketi, akatazama mpira bila kucheka, akaondoka bila kumpa mtu mkono. Wazee wetu waliudhika sana na hilo la mkono. Walisema siku tutakayojitawala, mkubwa wetu atakuwa mtu wa kushuka uwanjani, amsalimie kila mchezaji, amwulize na habari za nyumbani.

Uhuru ukaja. Mwaka uliofuata tukakuchagua wewe uwe Mlezi, kwa kura zote, na kwa furaha ambayo hatuionei haya hata leo. Siku hiyo ulitupa mpira mmoja wa ngozi na ahadi tatu. Mpira bado tunao.

Wachezaji wetu wametoka pande nyingi. Wapo wa hapa mjini, wapo wa Navakholo wanaokuja mazoezini na matope ya shambani kwenye visigino, na golkipa wetu, Kiprop, anatoka skimu ya Lumakanda, ambako baba yake alipewa shamba katika yale yaliyokuwa ya Wazungu. Kila Ijumaa Kiprop hupanda lori la maziwa, hulala kwa Mwenyekiti, hudaka Jumamosi, na Jumapili hurudi kukamua. Msimu wake wa kwanza walikuwako waliouliza kwa nini lango la Shieywe limepewa mtu asiyejua Kiluhya. Siku hizi akidaka penalti, mama zetu humwita mwanangu kwa Kiluhya, naye huitika.

Kwa mujibu wa karatasi za ligi, sisi ni wachezaji wa kulipwa. Hatubishani na karatasi.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, msimu huu tulikuwa timu nzuri. Tunasema wenyewe kwa sababu ukingoja kusifiwa Kakamega utasifiwa matangani.

Katika mechi kumi na saba za kwanza tulishinda kumi na moja, tukatoka sare nne, tukafungwa mbili tu. Tukafika mechi ya mwisho tukiwa juu ya ligi, pointi moja mbele ya Pamba Rovers kutoka kando ya ziwa. Mechi hiyo ya mwisho ilikuwa kati yetu na haohao Pamba Rovers, na ilikuwa hapa nyumbani. Timu moja tu ndiyo hupanda Daraja la Kwanza. Sisi hata sare ilitutosha.

Tungependa pia iandikwe kwamba msimu mzima hatukuchelewa mechi hata moja. Tulipokwenda Kitale lori letu lilizama kwenye tope kabla ya mto Nzoia. Tulivua viatu, tukavitundika shingoni, tukaenda kwa miguu mpaka tukapata trekta la mkulima mmoja lililokuwa na trela ya mahindi. Tulivaa jezi juu ya mahindi. Tulifika dakika kumi kabla ya kipenga, na tukashinda, na mpaka Jumatano Chrispinus alikuwa akitoa mahindi kwenye soksi.

Chrispinus ni nahodha wetu. Yuko pale safu ya mbele, yule anayetazama chini. Tutarudi kwake.

Mafanikio yetu mengine ni ya akili, na hayo hatukufundishwa na kocha yeyote. Kila mtu aliyezaliwa hapa anajua kwamba mvua ya Kakamega ina ratiba. Asubuhi jua, mchana jua kali, na ikikaribia saa kumi mawingu yanatoka upande wa msitu, halafu ni maji. Timu za mbali zinakuja na kucheza saa kumi kama zilivyozoea kwao, kisha zinashangaa. Sisi mechi zetu za nyumbani huanza saa saba na nusu. Wageni hulalamika kwamba wanacheza na ugali ukiwa bado kooni. Lakini saa tisa na robo mechi imekwisha, na saa kumi sote tuko chini ya mabati tukisikiliza mvua ya bure. Kwa miaka tisa hatujawahi kukatishiwa mechi na mvua hapa nyumbani, ila mara moja.

MATATIZO

Mwenyekiti alituagiza tuorodheshe matatizo matano, kama risala zote zinavyofanya. Tukaanza vizuri. Uwanja una mteremko, lango la kusini halina wavu tangu mbuzi wa jirani walipoupenda, na kadhalika. Halafu tukaona kwamba ukiwapa wakubwa matatizo matano watatatua lile dogo kuliko yote na kupigiwa makofi. Tukayafuta. Tuna tatizo moja.

Tarehe 8 Oktoba, siku ya mechi ya mwisho, watu walianza kufika uwanjani saa nne asubuhi. Waliokosa nafasi walipanda miti. Timu zote mbili zilikuwa tayari saa saba na robo. Refa alikuwa tayari. Jua lilikuwa tayari. Ndipo mjumbe wako akaingia na pikipiki akamwambia Mwenyekiti kwamba Mheshimiwa yuko njiani, tayari yuko Khayega, na ameagiza mpira usianze kabla hajawapa wachezaji mkono.

Kwa wageni waliopo hapa ambao si wa huku: Khayega si mbali. Mtu mwenye gari anafika kabla ya uji kupoa. Basi tukajipanga mstarini katikati ya uwanja, Rangers upande huu, Pamba upande ule, tukangoja. Saa nane mjumbe akarudi akasema Mheshimiwa amefika Khayega. Tukafurahi, maana sasa tulijua kwamba mara ya kwanza ulikuwa hujafika. Saa nane na nusu akaja tena, akasema Mheshimiwa bado yuko Khayega, lakini sasa ananawa mikono. Hapo tukauliza, kwa adabu, kama ananawa kabla ya kula au baada. Mjumbe akasema kabla.

Tunaambiwa ingokho ya nyumba ile ilikuwa nono sana, na kwamba mwenye nyumba angeumia moyo kama ungeondoka bila kumaliza. Sisi ni watu wa huku, Mheshimiwa. Tunajua kuku akichinjwa kwa ajili yako huondoki. Kama tungekuwa sisi tungekaa vilevile, na tungeomba na obusuma, ugali wetu, ya kuongeza. Lakini tungetuma neno kwamba waanze tu.

Ni hapo, saa nane na nusu, ndipo Chrispinus alipotoka mstarini akamwendea Mwenyekiti. Maneno waliyosema tunayaandika hapa kama yalivyosemwa, kwa sababu uwanja mzima uliyasikia.

Chrispinus alisema, "Mzee, wacha tuanze. Mvua haingojangi mkubwa."

Mwenyekiti akasema, "Mukianza na yeye hajafika, mimi nitamwambianga nini?"

"Mwambie tulianza."

Mwenyekiti akageuka. Akatazama kiti chako, kile kilichofunikwa kitambaa cheupe. Refa naye akatoa saa yake, akaitazama, akatazama kiti, akairudisha saa mfukoni. Na sisi, Mheshimiwa, wachezaji kumi tuliobaki, wenye miguu, wenye mpira, wenye wapinzani mbele yetu, tulimtazama Chrispinus akirudi mstarini peke yake, na hakuna hata mmoja aliyesema tuanze. Tunaomba mstari huu uusikie vizuri, kwa sababu katika risala nzima ndio uliotuwia mgumu kuuandika.

Ulifika saa kumi kasoro robo. Tulikungoja saa mbili na robo, tukiwa tumesimama. Ngoma za isukuti zikapigwa, akina mama wakapiga vigelegele, na uso wako ulikuwa na furaha ya kweli. Ulimpa kila mchezaji mkono. Ulimwuliza Kiprop habari za nyumbani. Kisha ukazungumza kwa dakika ishirini na tano kuhusu nidhamu, bidii na kutunza wakati. Ulitukumbusha kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Tulipiga makofi. Wachezaji wa Pamba nao walipiga makofi, na mmoja wao, ambaye miguu ilikuwa imekufa ganzi, alipiga akiwa amekaa chini.

Mpira ukaanza saa kumi na robo. Dakika ya kumi na mbili mvua ikaja. Dakika ya kumi na nne uliitwa na shughuli za taifa, ukaondoka. Kwa kuwa wakati huo ilikuwa bado sifuri kwa sifuri, na kwa kuwa hukupata nafasi ya kutuuliza tangu siku hiyo, turuhusu tukusimulie.

Dakika ya thelathini na moja Chrispinus alifunga kwa kichwa. Mtu mwingine asingeiona ile kona kwa ile mvua. Baada ya mapumziko Pamba walisawazisha. Mpira ulipigwa kuelekea lango letu, Kiprop akatoka kuudaka, mpira ukasimama katikati ya dimbwi kama umekumbuka kitu, na mtu wa Pamba akaufikia kwanza. Hatukumlaumu Kiprop. Kwao Lumakanda mpira unaopigwa unafika. Dakika ya sitini na sita Chrispinus akafunga tena, kwa mguu wa kushoto, akiwa tayari anachechemea. Mbili kwa moja. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na nne, na sare ingetutosha.

Dakika ya sabini na nane radi ilipiga mti nyuma ya lango lile lisilo na wavu. Refa akatutoa wote. Tukangoja chini ya mabati hadi saa kumi na mbili. Uwanja ulikuwa ziwa, na bata wa jirani walikuwa tayari wameuona. Refa akakunja karatasi zake akasema mechi imevunjika. Kapteni wa Pamba akaja akamshika Chrispinus bega. Alisema, "Ndugu, mmetupiga. Lakini karatasi haitasema hivyo."

Karatasi haikusema hivyo. Refa aliandika sentensi moja: kwamba mwenyeji alikataa kuanza mechi kwa wakati. Ni kweli. Hakuandika kwamba yeye pia alinyoosha suruali akasimama mwishoni mwa mstari ili umpe mkono, lakini naye ana mke na watoto na kazi ya serikali. Kanuni ya ligi inasema mwenyeji akichelewesha mechi, na mechi hiyo isimalizike, ushindi unapewa mgeni. Pamba wamepewa ushindi. Pamba wamepanda.

Kanuni hiyohiyo ina mstari wa pili, na ndio uliotufanya tukodi meza hii na viti hivi. Inasema kwamba kama kuchelewa kulisababishwa na mtu mwingine, na mtu huyo akakiri kwa maandishi, mechi itarudiwa. Mwisho wa kupokea maandishi hayo ni Jumatatu hii, tarehe 31, saa nne asubuhi, ofisi ya ligi, Kisumu.

Tulikuandikia. Barua ya kwanza tuliipeleka tarehe 10. Ilijibiwa haraka, kwa picha yako kubwa yenye sahihi, na maneno ya kututakia msimu mwema. Tumeitundika. Barua ya pili tuliandika waziwazi zaidi, na ofisi yako ikajibu kwamba kwa mujibu wa kitabu cha safari, Mheshimiwa alifika uwanjani saa saba na dakika ishirini na tano, yaani kabla ya wakati, na anasikitika kusikia kwamba timu haikuwa tayari. Tulikaa kikao. Tulijichunguza. Mzee mmoja aliuliza kama inawezekana sisi ndio tuliocheza kesho yake. Barua ya tatu haikujibiwa.

Ndipo katibu akasema kwamba kuna barua ambayo wakubwa hawajawahi kuiacha bila majibu. Tukakuandikia tukiomba uwe mgeni rasmi kwenye sherehe ya kufunga msimu. Simu ya maandishi ilifika kesho yake asubuhi: NAKUBALI. Sherehe tulikuwa bado hatujaipanga. Tumeipanga baada ya hapo. Wali huu, Mheshimiwa, na kitambaa hiki, na Sheikh na Pasta, na kwaya itakayoimba baadaye, vyote viko hapa kwa sababu mgeni rasmi akisomewa risala hawezi kuinuka kabla haijaisha. Tunaomba radhi kwa hila hiyo. Hatukuona mlango mwingine.

MAOMBI

Risala nyingine huomba maji, barabara, jezi, basi. Barabara tunayo, tumeshaona haimfikishi mtu kwa wakati. Tuna ombi moja, lakini kwanza tulikuahidi kurudi kwa Chrispinus.

Nahodha ameomba sehemu hii isisomwe. Inasomwa.

Chrispinus ana miaka thelathini na minne. Ni fundi wa kuezeka. Nusu ya mabati ya Shieywe ameyapigilia yeye. Amecheza Daraja la Pili misimu minane. Mara mbili watu wa Nairobi walikuja kumchukua, na mara mbili aliwaambia kwamba atapanda na Rangers au hatapanda. Goti lake la kulia daktari amelitazama akalifunga bendeji, akasema mwaka ujao hata ngazi ya kuezekea aikanyage kwa heshima. Mke wake, Beldina, anasema nyumbani huteremka kitandani kwa kushika ukuta. Lakini daktari huyohuyo alipoulizwa kama goti linaweza mechi moja zaidi, mwezi wa Novemba, alisema moja, ndiyo.

Mheshimiwa, sisi tunampenda mtu huyu. Hatuna njia ya mzaha ya kulisema hilo. Yeye ndiye aliyesema tuanze, na sisi ndio tuliomwacha arudi mstarini peke yake. Mechi hiyo moja iliyobaki kwenye goti lake tunaitaka, tena tunaitaka saa saba na nusu.

Kuna mambo ambayo hatutayafanya. Kamati ilijadili kama katibu, ambaye ameikodolea macho sahihi ya kwenye ile picha kwa majuma mawili, angeweza kuiiga. Anaweza. Kamati ilipiga kura, tisa kwa mbili, kwamba asifanye hivyo. Wala hatutakwenda kwa magazeti, kwa sababu tunalo gazeti moja linalofika hapa, na linakupenda.

Tumeandika barua. Iko mezani mbele yako, chini ya bilauri ya maji. Haina kurasa nyingi. Ina sentensi mbili tu, na katibu atazisoma zote.

Ya kwanza ni yetu. Inasema: "Tarehe 8 Oktoba, sisi tulikuwa tayari kucheza saa saba na nusu, tukaogopa kuanza." Tulitaka kuandika tukaheshimu. Chrispinus akasema andikeni neno lenyewe. Chini yake kuna sahihi kumi na mbili. Kumi na moja ni za wachezaji. Ya kumi na mbili, iliyo juu ya zote, ni ya Mwenyekiti wetu, Mzee Cleophas. Usiku wa Alhamisi alikuja nyumbani kwa katibu akaomba kalamu, akatia sahihi kabla ya mchezaji yeyote. Mtu huyu ndiye aliyeirudisha risala hii mara tatu. Barua hakuirudisha hata mara moja.

Sentensi ya pili ni yako. Inasema: "Mimi nilifika saa kumi kasoro robo, nami ndiye niliyeagiza wangoje." Hatukuongeza Khayega. Hatukuongeza kuku. Hatukuomba useme kwamba unasikitika. Chini yake kuna jina lako limepigwa taipu, na juu ya jina kuna nafasi.

Tunajua unavyohesabu, kwa sababu sisi pia tulihesabu. Sentensi zote mbili zikifika Kisumu pamoja, mechi itarudiwa. Ikifika ya kwanza peke yake, tutakuwa tumejihukumu kwa mikono yetu, na hakuna rufani baada ya hapo. Wengi walitushauri tungoje wewe utie sahihi kwanza, ndipo nasi tutie. Tulikataa. Tumeshakungoja vya kutosha.

HITIMISHO

Mgeni Rasmi, kwenye ratiba baada ya risala kuna hotuba yako, kisha kwaya, kisha chakula. Hotuba tunaomba, kwa heshima zote, iwe fupi, au isiwepo. Kalamu ni ile ya kijani. Ina wino, katibu ameijaribu.

Kama utatia sahihi, tutakushukuru mbele ya watu hawa wote, na tutakueleza ukweli kwamba Mzungu yule wa mwaka hamsini na saba asingetia. Hilo ndilo tulilolitaka tulipotaka mkubwa wetu awe mtu wetu.

Kama hutatia, hatutapiga kelele na hatutakufungia njia. Kula wali, pokea zawadi ya kikapu, nenda salama. Jumatatu alfajiri Jescah Mideva atapanda basi la kwanza la Kisumu akiwa na barua hii. Saa tatu na nusu ataiweka juu ya meza ya ligi jinsi ilivyo: sahihi zetu kumi na mbili chini ya neno tukaogopa, na jina lako, na nafasi ikiwa wazi juu yake.

Mwenyezi Mungu, ambaye Pasta na Sheikh wanamwomba leo kutoka benchi moja, akulinde, aulinde mkono wako wa kulia, na akupe umri mrefu.

Ni sisi,
wachezaji, viongozi na wapenzi wa
SHIEYWE RANGERS, Ligi ya Daraja la Pili, Kakamega,
mpaka Jumatatu saa nne.